Feni Inazunguka, Unaisikia

Kwa aliyenikuta leo tu, nijieleze upesi. Naitwa Manusos. Nina miaka thelathini na sita, nafuga kondoo na nyuki kisiwani, milimani juu ya mji wa Rethimno, na ni mwongo aliyekwisha kukamatwa. Nilikwenda kumposa Argiro, binti wa Mzee Polihronis, na gari la kuazima, nikasema ni langu. Mwenye gari akalifuata palepale, kabla nyama haijaiva. Hiyo mmeshaisoma na mmeshanicheka.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi nilivyorudi siku ya pete na gari langu halali, lile jekundu la marehemu baba, ambalo mwenyewe alilibatiza Paprika. Lilipanda mlima vizuri. Likafika langoni, likasimama linaunguruma, maana kijijini kwa kina Argiro gari la bwana harusi halizimwi langoni mpaka binti atoke. Ukilizima, wanasema, binti atarudi kwao kabla mwaka haujaisha.

Dakika ya kumi na tano likachemka. Maji ya moto yaliruka mpaka kwenye soksi za bibi yake Argiro.

Polihronis hakupiga kelele. Alisubiri mvuke uishe, akanisogelea.

"Harusi ni Jumapili ya tatu kutoka leo," alisema. "Uje na gari hilihili. La kuazima sitaki kuliona. Na likichemka tena mbele ya lango langu, geuza urudi kwenu. Binti yangu hatoki."

Wageni walidhani anatania. Mimi nilimtazama usoni nikajua hana utani hata kidogo. Nilikuwa nimebakiwa na wiki tatu za kumpata Argiro au kumkosa, na kilichosimama kati yetu kilikuwa maji yanayochemka ndani ya gari la marehemu baba.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, na mnihukumu taratibu.

Nilikwenda kwa Sifis. Ningekwenda kwa nani mwingine? Sifis ni fundi, ana gereji yake chini ya kijiji, tulilala kitanda cha juu na cha chini jeshini, na ndiye kumbaro wangu. Kumbaro kwetu ndiye anayekuvika taji kanisani, akalibadilisha mara tatu kati ya kichwa chako na cha mkeo. Tangu siku anapokubali anakuwa ndugu. Atabatiza watoto wako. Kumshuku kumbaro ni kumshuku ndugu wa tumbo moja, tena mbele ya padri.

"Themostati," alisema Sifis siku ya kwanza. "Imegoma kufunguka, maji hayazunguki."

Akaweka mpya. Nikaliendesha hadi baharini na kurudi, mshale wa geji ukakaa katikati kama mtu aliyeshiba. Nikaliacha linaunguruma uani kwetu. Dakika ya kumi na tano, likachemka.

"Kifuniko cha rejeta," alisema siku ya pili. "Kinavujisha presha."

Akabadilisha kifuniko. Likachemka.

"Rejeta yenyewe. Imejaa kutu ndani."

Akaimwagia siki, akaisuuza mara tatu mpaka maji yakatoka meupe. Nilisimama pale nikihesabu dakika kwenye saa ya mkononi. Ilipofika ya kumi na tano nilisogea nyuma bila kuambiwa.

"Na feni je?" nilimwuliza. "Si uliniwekea mota nyingine mwezi uliopita, ile ya mtumba?"

"Feni inazunguka," alisema Sifis. "Unaisikia?"

Niliisikia. Ilikuwa inavuma hadi kuku wakakimbia. Nani atashuku feni inayozunguka?

Mama yangu, Evanthia, alikuwa akitutazama tangu asubuhi akiwa na mikono kiunoni. Mama hajui gari, lakini hajawahi kukosa maoni.

"Njoo ndani," aliniambia.

Akaweka sahani ya maji mezani. Akachovya kidole kwenye mafuta ya zeituni, akadondosha tone moja, la pili, la tatu, huku akinong'ona yale maneno ambayo mwanamke wa kwetu hamwambii mtu. Mafuta yalitakiwa yaelee, yabaki duara. Yakatawanyika, yakapotea. Mama akapiga miayo, nayo ni dalili, mpaka machozi yakamtoka.

"Kijicho," alisema. "Tena cha mtu wa karibu."

"Mama, lile ni gari."

"Na lina macho mawili mbele. Unadhani halionwi?"

Akanitemea mate mara tatu begani, ftu ftu ftu, akatoka nje akalitemea na gari. Sifis alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Mama akamtazama kwa muda, akarudi jikoni.

"Mama yako leo ana nini na mimi?" Sifis aliuliza.

"Hana kitu. Ameona kijicho."

Hakucheka. Na Sifis hucheka hata msibani.

Zilibaki siku nane. Sifis aliinama tena ndani ya boneti, akakaa humo muda mrefu, akatoka na sura ya daktari.

"Kumbaro, sikufichi. Ni gasketi ya silinda hedi. Imekufa. Lazima tuifungue injini yote."

"Kwa siku ngapi?"

"Wiki tatu, na hapo vipuri viwe vimefika."

"Harusi ni Jumapili ijayo."

"Ahirisha," alisema. Alisema hivyo akiwa ananitazama viatu. "Mwezi mmoja tu. Mambo mengi yanakaa sawa mtu akisubiri."

Mambo gani? Mimi nilikuwa na jambo moja tu.

Alipoondoka nilibaki nikiyapima maneno yake. Mimi si fundi, lakini baba aliendesha lile gari miaka ishirini na mbili, na gasketi iliwahi kumfia mara moja. Nakumbuka alinionyesha: ikifa, mafuta ya injini na maji ya rejeta yanachanganyikana. Unakuta vijimacho vya mafuta vinaelea juu ya maji, na kwenye kijiti cha oili unakuta uji mweupe.

Asubuhi, gari likiwa baridi, nilifungua rejeta. Nikachungulia. Maji yalikuwa safi, ungeweza kumnawisha mtoto. Nikachomoa kijiti. Oili nyeusi, laini, hakuna uji wala dalili ya uji.

Mama alitokea nyuma yangu na kikombe cha kahawa.

"Unatafuta nini humo?"

"Mafuta kwenye maji."

"Aa," alisema, akafurahi. "Kumbe na wewe unayajua."

Nilicheka, kisha kicheko kikakauka. Kwenye sahani ya mama mafuta yalisema kuna hasidi. Kwenye rejeta ya gari hayakuwapo mafuta, maana yake gasketi ni nzima, maana yake kumbaro wangu amenidanganya. Njia mbili tofauti, na zote zimenifikisha kwenye gereji ileile.

Nikajiambia labda amekosea. Fundi naye ni mtu. Lakini shaka ikishaingia haitoki kwa kuambiwa. Nikaanza kukumbuka vitu. Nani aliyeniambia habari za Argiro kwa mara ya kwanza? Sifis. Nani anakwenda kule juu kila mara kurekebisha trekta la Polihronis? Sifis. Na nani, tangu nimvike Argiro pete, hajanitazama machoni hata siku moja?

Jumatano alinipigia simu.

"Leo nashuka mjini Hania kutafuta gasketi," alisema. "Nitarudi jioni. Lile gari usiliwashe."

"Sawa, kumbaro."

Mchana huo nilikuwa nahamisha mizinga ya nyuki upande wa pili wa bonde, juu ya shamba la mizeituni la Polihronis. Kutoka pale unaona kila kitu kilichoko chini. Nikaona pikapu ya bluu imeegeshwa chini ya mti wa mkarobu. Kijijini kwetu pikapu ya bluu yenye mlango mmoja mweupe iko moja tu, ya Sifis.

Argiro alikuwa amesimama nje ya dirisha la Sifis, mikono imefungwa kifuani. Walikuwa wanaongea. Hawakucheka hata mara moja. Wangecheka ningejisikia nafuu, maana watu wanaocheka hawana siri kubwa.

Niliumwa na nyuki watatu nikiwa nimesimama pale, na sikuwapiga.

Jioni Sifis alipita kwetu.

"Hania hawana gasketi," alisema. "Nimezunguka maduka yote."

"Pole na jua."

"Jua lilikuwa kali," alisema kumbaro wangu.

Ijumaa alfajiri nililiwasha gari nikaondoka bila kumuaga mtu. Nilikwenda mbali makusudi, hadi Iraklio, upande wa bandarini, kwa fundi ambaye hanijui, hamjui Sifis, wala hana shangazi wa kijijini kwetu. Anaitwa Mastro Yordanis. Ni mtu wa bara, watu wake walitoka upande wa Bahari Nyeusi, na hapa kisiwani anatuona sote ni wachunga mbuzi waliopewa leseni kwa makosa.

Alikuwa anakunywa kahawa akisoma gazeti la mpira. Hakuinuka.

"Linaumwa nini?"

"Linachemka."

"Barabarani?"

"Hapana. Nimetoka Rethimno sasa hivi, mshale haukutikisika."

"Mlimani je, ukiwa na mzigo?"

"Hapana."

"Linachemka lini basi?"

"Likisimama. Likiunguruma tu, dakika ya kumi na tano."

Akaweka kikombe chini. "Na aliyekuambia habari ya gasketi ni nani?"

"Umejuaje kuna aliyeniambia?"

"Una uso wa mtu aliyeambiwa habari ya gasketi. Liwashe."

Alichungulia maji, hakuona mapovu. Akavuta kijiti, akakifuta, akakirudisha. Injini ilipopata moto akashika bomba la juu la rejeta, kisha la chini, kama nesi anayepima mapigo.

"Yote mawili yana moto. Themostati inafunguka, pampu inasukuma. Gasketi yako ni nzima. Sasa tuisubiri feni."

Tukasubiri. Mshale ukapanda. Feni ikawaka, ikavuma.

"Inazunguka," nilisema. "Unaisikia?"

"Masikio yangu yanaambiwa maneno mengi kila siku," alisema Yordanis.

Akachana ukurasa mmoja wa lile gazeti lake, wenye picha ya golikipa. Akausogeza mbele ya gari, kwenye wavu ulio mbele ya rejeta, akauachia.

Ukurasa ukaruka. Ulimpiga kifuani, ukaanguka, ukasukumwa hadi mlangoni. Akauokota, akarudia. Ukaruka tena. Mara ya tatu alicheka, kicheko kifupi cha puani, akazima gari.

"Umeona?"

"Nimeona karatasi inaruka."

"Ilitakiwa igande pale, kijana. Feni ya gari hili inakaa nyuma ya rejeta. Kazi yake ni kuvuta upepo kutoka nje upite kwenye rejeta uipoze. Ya kwako inazunguka kinyume. Inachukua joto la injini inaisukumia rejeta. Ukiwa mwendoni upepo wa barabara unatosha, feni hata haiwaki. Ukisimama, mshale unapanda, feni inawaka ije kukuokoa, na ndiyo inayokuchoma."

Nilikaa juu ya tairi.

"Inawezekanaje feni izunguke kinyume?"

"Ukizibadilisha nafasi waya zake mbili. Ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Basi."

"Fundi anaweza kukosea?"

Yordanis aliinama, akachomoa plagi ya feni, akaniletea karibu na macho. Plagi ndogo nyeusi, upande mmoja wa mviringo, mwingine bapa.

"Hii haiingii kinyume hata ukitumia nyundo. Umbo lake linakataa. Ili waya zibadilike, mtu achukue bisibisi nyembamba, aingize humu, achomoe pini hii, achomoe na hii, azibadilishe nafasi, azirudishe moja moja mpaka zilie tik. Mlevi hawezi. Mjinga hawezi. Na mwenye haraka hawezi." Akanitazama. "Nani alikuwekea feni hii?"

"Kumbaro wangu."

"Kumbaro wa ubatizo?"

"Wa harusi. Keshokutwa."

Yordanis akarudi kwenye kiti chake. Akachukua kikombe kilichokwisha kuwa kitupu, akakinywa hivyohivyo.

"Mimi sijaona kitu," alisema. "Plagi nitairudisha ilivyotakiwa, utakwenda zako, na jina langu usilitaje kwenye hiyo harusi."

"Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningekuwa mimi ningeoa mwanamke asiyehitaji kufuatwa kwa gari."

Kazi yenyewe haikuzidi dakika tano. Kisha tukaliacha linaunguruma. Robo saa ikapita, nusu saa, dakika arobaini. Mshale ulipanda kidogo, feni ikawaka, mshale ukashuka. Yule golikipa wa gazetini alikuwa ameganda kwenye wavu, uso mzima, kama amebandikwa kwa gundi.

Ningepaswa kufurahi. Nilirudi nyumbani nikiwa nauma meno njia nzima.

Hapa ndipo naomba mnihukumu, maana ningeweza kwenda gerejini palepale, nikamshika Sifis kola, tukamaliza kama wanaume. Sikwenda. Nilitaka kumwona. Nilitaka awe ameketi karibu nami langoni kwa Polihronis, aungoje mshale upande, aone haupandi, nami niwe namtazama usoni. Uchungu ulikuwa umenifanya mwindaji.

Jumamosi akapiga simu.

"Umeahirisha?"

"Hapana. Tutakwenda hivyohivyo. Huenda likavumilia."

Nilisikia mtu anapitisha spana mezani.

"Halitavumilia, Manusos."

"Tutajua huko huko."

"Basi nitakaa nawe mbele," alisema Sifis. "Nitabeba dumu la maji."

"Asante, kumbaro. Mungu akulipe."

Niliposema hivyo nilijichukia kidogo, lakini si sana.

Jumapili tuliondoka magari kumi na saba, honi mtindo mmoja, mpiga lira, ile fidla yetu ya magotini, amesimama nyuma ya pikapu anapiga bila kukosa hata kwenye kona. Mimi na Paprika mbele. Sifis kando yangu, suti nyeusi, dumu la maji kati ya miguu, kisanduku cha mataji mapajani. Mimi nilikuwa napiga mluzi.

Lango la Polihronis lilikuwa limefungwa, kama inavyotakiwa. Nikasimama. Sikuzima.

Wanaume wa kwetu wakaanza kuimba beti zao za mistari miwili kumwomba binti, wa kwao wakijibu kutoka ndani kwamba bado anachana nywele. Trei za raki, pombe yetu kali, zikapita. Beti moja ya kwao ilisema bwana harusi ameleta birika badala ya gari. Watu wakacheka sana. Nami nikacheka, nikanywa.

Polihronis alikuwa amesimama kizingitini, saa mkononi, macho kwenye boneti.

Dakika ya kumi. Ya kumi na tano. Feni ikawaka, Sifis akashika mpini wa dumu.

Mshale ukashuka.

Nilikuwa simtazami Polihronis, wala waimbaji. Nilikuwa namtazama Sifis. Jasho lilimtoka chini ya sikio, likaingia kwenye kola.

Dakika ya ishirini na tano akasema, midomo haisogei, "Haupandi."

"Haupandi."

"Umelipeleka kwa nani?"

"Kwa nini uulize? Ungekuwa unapiga makofi."

"Manusos."

"Tabasamu, kumbaro, wanatuangalia. Pini mbili, bisibisi nyembamba. Najua tangu Ijumaa. Nilikuwa nasubiri tu niuone uso wako."

"Umeuona."

"Nimeuona. Na nimekuona Jumatano chini ya mkarobu, siku uliyokuwa Hania. Unamtaka Argiro."

Akageuka. Kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi alinitazama machoni.

"Ningekuwa namtaka ningekuambia miaka mitatu iliyopita," alisema. "Tungepigana, mmoja angeng'oka jino, ingekwisha. Usinitukane."

"Waya uligeuza, hukugeuza?"

"Niligeuza. Kwa mkono huu."

"Kwa nini?"

"Niliombwa."

"Na nani?"

Mkono wake ulikuwa juu ya kile kisanduku. "Nimeapa juu ya haya mataji yako kwamba sitasema. Unaweza kunipiga sasa hivi mbele ya watu wote, sitasema."

Akili ikanirudi kwa nguvu, na nikaona kila kitu, au nilidhani nimekiona. Nani aliyetoa sharti la gari? Nani ambaye trekta lake hutengenezwa na Sifis? Nani asiyenitaka tangu siku ya lile gari la kuazima? Mzee hakutaka kuvunja neno lake hadharani, akatafuta gari livunje badala yake.

"Polihronis," nilisema.

Sifis hakukubali wala hakukataa. Na Polihronis mwenyewe alikuwa anakuja. Alipita katikati ya waimbaji, wakanyamaza. Nikashusha kioo. Nilikuwa tayari kumwambia yote, harusi ivunjike papo hapo, nami nipone roho.

Mzee akaweka kiganja juu ya boneti. Akakiacha hapo. Nikaona machozi yanamlengalenga.

"Dakika thelathini na tatu," alisema. Akainama dirishani, harufu ya raki na sabuni. "Kijana, yale maneno niliyasema kwa hasira. Nikishasema mbele ya watu siwezi kurudi nyuma, ndivyo nilivyoumbwa. Tangu siku ile nimewasha mshumaa kanisani kila Jumapili, lisichemke. Mke wangu hajui." Akanishika shavu kwa ule mkono wa moto. "Karibu, mwanangu."

Kisha akageukia nyumba akainua mkono. Lango likafunguliwa, bunduki zikalia hewani, mpiga lira akaanza upya.

Si yeye. Mungu wangu, si yeye. Mzee alikuwa analia kama mtoto, na mimi nilikuwa nimemhukumu dakika moja kabla.

Nikamgeukia Sifis. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Argiro alitoka na shela, mama yake upande mmoja, yule bibi wa soksi upande mwingine. Watu wakasema ametazama chini kwa haya. Mimi nilikuwa hatua sita kutoka kwake, na ninajua alipotazama. Hakunitazama mimi. Hakutazama chini. Alitazama mbele ya gari, kwenye boneti, jinsi mtu anavyotazama barabara anapomsubiri wa kumchukua. Alitafuta mvuke.

Kisha akamtazama Sifis.

Sifis akainua nyusi na kidevu juu kidogo, kama tunavyosema hapana huku kwetu.

Uso wa Argiro ulipauka, na baba yake akamfungulia mlango huku akijifuta machozi. Sifis alishuka akampisha, akahamia nyuma na dumu lake. Mchele ukamwagika juu ya kioo. Watu wa vijiji viwili walikuwa wanapiga makofi, magari kumi na sita yalikuwa nyuma yangu, na padri alikuwa anasubiri. Nilitia gia kwa sababu hakukuwa na kitu kingine ambacho mkono wangu ulijua kufanya.

Argiro alimpungia mama yake. Akampungia bibi yake. Alikuwa bado anatabasamu kuelekea dirishani, wasione, aliponiuliza kwa sauti ndogo:

"Nani amelitengeneza?"